Muhuri Lazima Uume Sahihi

Joyline alipiga simu Jumatano asubuhi, nikiwa kazini Rongai napanga risiti za chakula cha ng'ombe. Binti yangu hapigi simu asubuhi. Asubuhi huwa kazini kwenye nyumba ya wazee huko Ujerumani, anawageuza vitandani. Lakini sasa alikuwa na mimba pevu na alikuwa amepewa likizo.

"Mama, uko na nafasi kidogo?"

"Sema."

"Daktari anataka kunikata Ijumaa."

Mtoto wake wa kwanza, Gedion, alizaliwa hapa Nakuru kwa upasuaji. Kovu analo, lakini kovu la nje halisemi kitu. Daktari wa Ujerumani alitaka kujua jinsi mfuko wa uzazi wenyewe ulivyokatwa ndani. Kama ulikatwa kwa kulala, upande wa chini, Joyline angeweza kusukuma mtoto kama wanawake wengine. Kama ulikatwa kwa kusimama, ungeweza kupasuka akisukuma, na hapo unapoteza wawili. Bila karatasi ya hospitali ya Nakuru, daktari hakuwa tayari kubahatisha. Ijumaa asubuhi angempasua.

Sikumlaumu daktari. Hata mimi singebahatisha.

"Sasa kukatwa shida iko wapi?" niliuliza. "Si ulikatwa hapa na ukapona?"

"Hapa nilikuwa na wewe, Mama. Na Aunty Nanyama. Na msichana wa kazi. Huku tunaishi ghorofa ya nne na hakuna lifti. Okeyo anaendesha lori, anarudi wikendi. Nikikatwa siruhusiwi kubeba kitu. Gedion atapandishwa ngazi na nani?"

"Majirani?"

"Majirani wa huku, Mama, ukikutana nao kwa ngazi wanakuambia siku njema."

Nilielewa. Okeyo, mkwe wangu, hulala barabarani. Nilikuwa nimeomba viza ya kwenda kumsaidia na nikanyimwa, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuzungumzia hilo tena.

"Naenda kuchukua hiyo karatasi sasa hivi. Nitaipiga picha nikutumie, umwonyeshe."

"Nilimwuliza. Anasema kilichotoka kwa simu ni picha. Kilichotoka kwa faksi ni hati."

"Kwa nini?"

"Ndiyo sheria yao. Wanataka faksi."

"Hapo Ujerumani?"

"Mama, kila kitu hapa ni faksi."

Nina diploma ya uhazili kutoka chuo cha hapa Nakuru. Wakati wetu faksi ilikuwa somo zima na mtihani wake. Mara ya mwisho kuigusa ni kabla bosi wangu, Odongo, hajaiuza pamoja na viti vibovu. Nilimwambia Odongo ninaenda Nakuru. Sikumwomba.

Ofisi ya rekodi ya hospitali iko mwisho wa korido, karibu na chumba cha kufulia. Nyuma ya dirisha alikaa mama mmoja aitwaye Chepchirchir, ambaye hana haraka lakini hapotezi kitu. Alirudi na faili ya Joyline kabla sijamaliza kusoma matangazo ukutani. Juu ya kabati nyuma yake niliona mashine ya faksi, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa flaski ya chai.

"Hiyo inafanya kazi?"

"Inabeba flaski, madam."

Karatasi yenyewe ilikuwa moja. Daktari aliyemzalisha Joyline alikuwa na mwandiko unaosomeka, jambo la kumshukuru Mungu. Mstari wa mwisho, juu kidogo ya sahihi yake, ulieleza mkato: wa kulala, upande wa chini. Chepchirchir alitoa nakala kwenye mashine, akaiweka mezani, akachukua muhuri mkubwa wa duara, akaupumulia, akaugonga kwa mikono miwili. Hakuugonga kando ya sahihi. Aliugonga juu yake.

"Muhuri lazima uume sahihi," alisema. "Usipouma, mtu anaweza kuhamisha."

Nilikubaliana naye. Hata sisi chuoni tulifundishwa hivyo hivyo. Muhuri uliuma sahihi, ukauma na mstari ulio juu yake, lakini wino ulikuwa wa zambarau hafifu na maneno yalisomeka bila shida. Nilimsomea Joyline kwa simu nikiwa bado koridoni.

"Wa kulala. Chini."

Aliyarudia maneno hayo mawili. Kisha akasema, "Asante Yesu," kisha akasema, "Ngoja nimpigie daktari nimwambie." Alinipigia tena baada ya muda mfupi. "Anasema anakuamini, lakini hawezi kukuweka wewe kwenye faili."

Jalal ana saiba, duka la intaneti, juu ya duka la mbegu karibu na soko. Babu yake alitoka Pwani kuja kujenga reli, na nyumbani kwao bado wanaongea Kiswahili cha kitabu, lakini dukani anaongea kama sisi. Mke wake, Kuluthum, hukaa kwenye mashine ya kulamineti, ya kuvika kadi plastiki, na kusikiliza kila kitu.

"Faksi?" alisema Jalal. "Sasa mathe, mashine sina. Lakini naweza kutuma kwa barua pepe. Kuna kampuni nalipia. Unaandika namba ya faksi ya huko, unaongeza anwani ya kampuni, unaweka attachment, wao wanageuza inatokea kwa mashine ya huko kama faksi."

"Unatumia mara nyingi?"

"Kuna jamaa wa maua Naivasha. Na wewe."

Aliiskani karatasi. Kwenye skrini ilionekana vizuri kuliko mkononi, muhuri uling'aa. Akaandika, akabonyeza, akageuza kiti.

"Imeenda."

"Imefika?"

"Imeandika sent."

"Hilo si swali nililouliza."

Joyline alipiga simu. Katika hospitali yake kulikuwa na karani aliyeitwa Frau Hübner, ndiye aliyelinda mashine ya faksi, naye alikuwa amempigia. Faksi kutoka Kenya ilikuwa imetoka: ukurasa mmoja, wenye jina la Joyline juu, na chini yake mstari mrefu wa herufi na namba.

Jalal alikuna kichwa, akafungua ujumbe aliotuma. "Ah. Faili ilikuwa kubwa sana. Hii programu ikiona attachment kubwa inaiweka kwa mtandao, inatuma linki peke yake. Mwambie abonyeze hiyo linki."

"Joyline, Jalal anasema Frau Hübner abonyeze linki."

"Mama, ni karatasi."

Nilimtazama Jalal. Jalal alitazama dari.

Alipunguza ukubwa wa faili, akaangalia mara mbili kwamba safari hii imeambatishwa kweli, akatuma. Tulisubiri. Kuluthum alilamineti kitambulisho cha mtu. Simu ikalia.

"Mama, huyo mwanamke ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Frau Hübner anasema imekuja picha ya mwanamke amesimama kando ya mashine, anacheka, na maandishi mengi. Anauliza kama ndiye daktari aliyenipasua."

Nilizunguka meza nikaangalia skrini ya Jalal. Chini ya kila barua pepe anayotuma, programu yake hubandika tangazo la duka lenyewe: Kuluthum anatabasamu, na pembeni imeandikwa picha za pasipoti, kulamineti, kadi za harusi na za mazishi. Tangazo hilo ni picha. Kampuni ya faksi huchukua kiambatisho cha kwanza inachokiona, na cha kwanza ilichokiona ni Kuluthum.

"Toa mke wako hapo," nilisema.

"Mathe, si hivyo mtu husema."

"Kwani nimefanya nini?" Kuluthum aliuliza kutoka kwenye mashine.

"Umefika Ujerumani," nilimwambia.

"Hata sijasuka!"

Jalal aliingia kwenye mipangilio ya programu, akahangaika, akalifuta lile tangazo lote. Lakini Frau Hübner hufunga ofisi mapema Jumatano, na hakuna binadamu anayeweza kumfungulisha. Nilipanda gari nikarudi nyumbani. Odongo alipiga kuuliza kama kesho nitakuja kazini. Nilimwambia hapana.

Alhamisi, Jalal alipofungua duka nilikuwa mlangoni. Alituma ile karatasi peke yake, bila linki na bila Kuluthum. Huko walikuwa bado hawajafungua, kwa hiyo tulikunywa chai. Joyline alipopiga, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejibana.

"Imefika, Mama. Karatasi yenyewe. Lakini daktari ameirudisha. Hawezi kuikubali."

"Kwa nini?"

"Frau Hübner amesema tu kwamba pale chini, kwa muhuri, haiko sawa."

"Haiko sawa vipi?"

"Alikuwa na mtu mwingine dirishani. Amesema pale kwa muhuri kuna shida, mtengeneze, mtume tena leo. Kesho saa mbili asubuhi wananiingiza theatre."

Nilikata simu. Jalal alikuwa amesikia. Tuliangaliana na hapakuwa na haja ya kueleza. Ofisi ikikuambia pale kwenye muhuri kuna shida, maana yake muhuri hautoshi. Nimefanya kazi na ofisi za serikali, za shamba na za kanisa, na sijawahi kuona karatasi iliyorudishwa kwa sababu ina mihuri mingi.

"Ni wa hospitali peke yake," alisema Jalal. "Wazungu wanataka wa wakili."

"Wakili yuko wapi?"

"Nicodemus. Mlango wa tatu hapo kwa korido."

Nicodemus alikuwa na suti na hakuwa na wateja. Aliilinganisha karatasi na simu yangu, na kitambulisho changu, na uso wangu, ingawa hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohusika. Kisha akachukua muhuri wake, mkubwa kuliko wa hospitali, wino mwekundu. Upande wa kulia wa sahihi ulikuwa umeshaumwa. Akauma wa kushoto.

"Sasa hii," alisema, "hata ukienda nayo The Hague."

"Naenda nayo hapo kwa Jalal."

Kwenye skrini ilipendeza. Zambarau huku, nyekundu huku, na mwandiko wa daktari ukipita katikati kama barabara. Jalal aliikuza tuone. Kila neno lilisomeka. Akatuma. Ikaandika sent. Hata mimi, nakubali, nilitulia kidogo nikaanza kufikiria nitapika nini.

"Mama," alisema Joyline, "mnafanya nini huko?"

"Tumeongeza muhuri."

"Mmeongeza?"

"Wa wakili."

Nilisikia akivuta pumzi, kisha nikamsikia Gedion nyuma yake akilia anataka kubebwa. "Imekuwa mbaya zaidi. Frau Hübner anasema ya asubuhi ilikuwa na shimo moja, sasa yako mawili. Anauliza kama karatasi zenu zinaungua. Mama, mimi nimechoka. Wacha tu wanikate. Okeyo ataomba ruhusa, akifukuzwa, afukuzwe."

"Hakuna mtu anafukuzwa. Mwambie huyo Frau apige picha hicho kitu alichonacho mkononi, akutumie, unitumie."

"Hawapigi picha za faili."

"Faili ni yako. Nenda ukaipige mwenyewe."

Alienda. Mwanamke mwenye mimba pevu, akashuka ghorofa nne, akapanda basi na mtoto wa miaka mitatu, akasimama mbele ya dirisha la Frau Hübner. Picha iliingia kwenye simu yangu Jalal akiwa anafunga duka aende kuswali adhuhuri. Alirudi ndani.

Ilikuwa karatasi ileile. Mwandiko ulikuwa safi kuanzia juu mpaka karibu na mwisho. Mahali pa muhuri wa Chepchirchir palikuwa na duara jeusi tii. Mahali pa muhuri wa Nicodemus palikuwa na duara lingine jeusi, kubwa zaidi. Yalikuwa kama vifuniko viwili vya sufuria. Katikati yao palibaki neno moja tu la ule mstari, nalo lilikuwa "ulikuwa".

Jalal aliangalia picha, akaangalia skrini yake, akaangalia picha tena.

"Faksi haijui zambarau," alisema polepole. "Inajua nyeusi na isiyo nyeusi. Sisi huku tunaona rangi, tunasoma ndani yake. Kule kila penye rangi ni giza."

"Kwa hiyo kila tukiongeza muhuri tunazidi kuuziba mstari."

"Mathe, tungeenda kwa chifu tungemaliza ukurasa."

Kuluthum alicheka peke yake.

Jalal alisogeza kiti mbele. "Ni rahisi. Nautoa muhuri hapa hapa kwa kompyuta. Palipofutika naandika yale maneno kwa mwandiko unaofanana. Hawatajua."

Wazo hilo lilikuwa la haraka na baya. "Daktari atasoma huo mstari halafu aamue kama mwanangu atakatwa au hatakatwa," nilisema. "Hatasoma mstari ulioandikwa na Jalal wa saiba."

"Basi unataka nini?"

"Karatasi bila muhuri."

Alinitazama kana kwamba nimesema nataka ng'ombe bila kichwa. "Hospitali haitakupa."

Nilijua haitanipa. Nilienda.

Dirisha la rekodi lilikuwa limefungwa kwa chakula cha mchana. Nilisimama hapo. Chepchirchir alirudi na mfuko wa njugu, akafungua, akakaa, akauliza, "Madam, imepotea?"

"Haijapotea. Nataka nakala nyingine. Bila muhuri."

"Karatasi bila muhuri haitoki hapa."

Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliiangalia kwa makini, akaiinamia.

"Huo ni muhuri wangu?"

"Huo wa kulia. Huo mwingine ni wa wakili."

"Umepigwa vizuri," alisema. Kisha akarudisha simu. "Naona shida yako. Lakini mimi nikitoa karatasi uchi, kesho ikileta kesi mtu aseme hii si ya kwenu, mimi nitasimama wapi?"

"Kesho msichana wangu atakuwa kwenye meza ya upasuaji. Ninyi ndio mlimkata mara ya kwanza. Na mlimkata vizuri, karatasi inasema. Huyo daktari anachotaka ni kuisoma tu."

"Sijakataa aisome."

"Muhuri wako ndio umekataa."

Hapo alifungua mfuko wake. Alikula njugu moja. Nyuma yangu mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni alisema, "Mama, si umpe tu," na Chepchirchir akamwambia asubiri zamu yake.

"Karatasi ina pande ngapi?" nilimwuliza.

"Mbili."

"Faksi inasoma mmoja. Gonga nyuma."

Alifikiria. Nilimwona akifikiria, kwa sababu aliacha kutafuna. "Nyuma hakuna sahihi," alisema. "Muhuri utauma nini?"

"Weka yako."

Ilikuwa, nafikiri, mara ya kwanza mtu kumwomba Chepchirchir sahihi yake mwenyewe. Alitoa nakala nyingine kwenye karatasi nzito ya kutengenezea vyeti, wino usije ukapenya. Akaigeuza. Akaandika jina lake lote, polepole, na tarehe, na cheo. Akaupumulia muhuri, akaugonga kwa mikono miwili, ukauma. Kisha akaigeuza tena, akanipa mbele ikiwa haina muhuri, na hakuipenda hata kidogo.

"Ukimaliza irudishe niione," alisema.

Nilipofika, Jalal alikuwa ameshafungua programu. Aliweka karatasi kwenye skana, akachagua nyeusi na nyeupe badala ya rangi, akahakikisha faili ni ndogo, akahakikisha hakuna tangazo. Kuluthum alikuja kusimama nyuma yetu ahakikishe pia. Kabla ya kubonyeza, Jalal aliituma kwanza kwenye namba ya faksi ya yule jamaa wa maua Naivasha, akampigia.

"Boss, niaje. Imetoka kitu hapo? Unaweza kusoma mstari wa mwisho?" Akasikiliza. "Anasoma. Anauliza nani anajifungua."

"Mwambie ashughulike na maua. Tuma Ujerumani."

Akatuma. Ikaandika sent. Hakuna aliyesema imefika.

Tulikaa. Mtu aliingia kutaka picha za pasipoti, Kuluthum akamwambia angoje nje. Jalal aliifuta meza ambayo haikuwa chafu. Nilihesabu saa ya Ujerumani kichwani na nikaona Frau Hübner anachukua mkoba wake, anazima taa, anafunga ule mlango wake usiofunguka.

Simu ililia.

"Mama."

"Sema."

"Ameisoma. Ameisoma nikiwa hapo. Amesema kama ni hivyo, Ijumaa haina haja. Ningoje uchungu wenyewe."

"Vizuri," nilisema. "Sasa rudi nyumbani ukalale. Na usimbebe huyo mtoto kwenye ngazi, ana miguu."

Nilirudisha karatasi kwa Chepchirchir. Aliigeuza, akaangalia muhuri wake, akaangalia sahihi yake, akaiweka kwenye faili mbele kabisa. Sikumwuliza kwa nini.

Ijumaa nilikuwa kazini. Jumapili jioni, nikiwa napiga pasi, Joyline alipiga simu na sauti ilikuwa ya chini, kama mtu aliyetoka kubeba mzigo mkubwa.

"Ni msichana."

"Ulikatwa?"

"Hapana."

"Mzima?"

"Mzima. Mimi pia."

Nilizima pasi, nikakaa. Nilikuwa na mambo kadhaa ya kumwambia kuhusu uji na kufunga tumbo, na nikamwambia yote. Siku ile walipomruhusu kwenda nyumbani, alipanda ghorofa nne mwenyewe, mtoto kifuani, Gedion mkononi, akipumzika kila mahali pa kupumzikia. Jirani mmoja alimwambia siku njema.

Nilipita kwa Jalal kumpa habari. Alifurahi, akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Kuluthum akauliza mtoto anaitwa nani.

"Nerima. Jina langu."

"Lako?" Alikunja uso, akaingiza kadi ya mtu kwenye mashine. "Na mimi ndiye nilitangulia kufika Ujerumani."